Nawezaje kuunganisha vipande vya faili moja kwa CMD bila kugusa diski nzima?

KaraniWaMizani (Newala)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni karani wa chama cha msingi huku Newala vijijini. Mnivumilie, swali langu lina maelezo mengi kidogo.

Ofisini tuna kompyuta moja ya mezani, ya mtumba. Ina Windows 10, RAM GB 4, na diski kuu (hard disk) ya GB 500, ile ya kuzunguka. Imegawanywa C na D. Kazi zote za chama ziko kwenye faili moja la Access (programu ya Microsoft ya kutunza rekodi), D:\CHAMA\wakulima.accdb. Humo mna majina ya wakulima, kilo walizoleta, gredi, namba za stakabadhi, na picha za vitambulisho tulizoskani. Limeshafika GB 1.1.

Miezi ya kugawa salfa huwa halinisumbui. Korosho zikianza kushuka, kila gunia linalopita kwenye mizani linaongeza mstari, na minada ikishachanganya faili linakuwa zito hasa. Nikitafuta jina la mtu, taa ya diski inawaka haizimi, na ndani ya boksi nasikia kitu kinakwaruza kama panya darini. Huku mkulima kasimama dirishani ameshika karatasi yake ya mizani, na waliopanga foleni nyuma yake wanaanza kusema karani wa siku hizi anacheza na simu.

Nimejaribu difragi ya kawaida ya Windows, ile ya kuunganisha vipande vya mafaili, kwenye D. Inachukua masaa, na umeme wetu ukisikia upepo tu umeondoka. UPS, ile ya kushikilia umeme ukikatika, tulikuwa nayo, betri ikafa. Cha kunishangaza, nikipima D naambiwa mparaganyiko ni asilimia 4 tu, yaani diski haina neno. Sasa uzito unatoka wapi?

Nimesikia kuna programu ya kuandika amri kwenye CMD, lile dirisha jeusi la Windows, inashughulikia faili moja unalolitaja na kuacha mengine. Ni ipi? Na umeme ukikatika katikati, faili linakufa? Naogopa, maana humo mna malipo ya watu.

Natanguliza shukrani.

---

MwanaShangani (Mtwara mjini)

Dada, difragi ni mambo ya enzi za Windows XP. Nunua SSD, diski isiyozunguka, ya GB 240, hamishia Windows na hilo faili, sahau habari ya kukwaruza.

---

FundiLigula (Mtwara mjini)

MwanaShangani hajakosea, SSD ndiyo dawa ya kudumu. Ila karani hanunui kifaa cha chama bila kikao, na hicho kikao msimu huu nani atakaa? Tumsaidie na alichonacho.

Dada karani, programu unayoitafuta inaitwa Contig. Ni ya Mark Russinovich, yule aliyeanzisha Sysinternals, tovuti ya zana za Windows, na mwenzake Bryce Cogswell mwaka 1996. Microsoft waliinunua kampuni yao mwaka 2006, kwa hiyo leo unaipakua bure kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe. Ipakue huko na si kwingine. Ukiona tovuti inakuletea vitufe vitano vya kijani vyote vimeandikwa "Download", ondoka.

Kabla ya Contig, tuondoe hiyo asilimia 4 inayokuchanganya. Ile ni hesabu ya D nzima. Una mafaili maelfu ambayo kila moja limekaa mahali pamoja, na faili moja lililotawanyika vipande maelfu. Ukiyachanganya yote, lile moja linapotea. Difragi ya Windows haikudanganyi, umeiuliza habari za mtaa mzima wakati mgonjwa yuko nyumba moja.

Sasa kwa nini inakwaruza. Diski ya kompyuta ya mezani mara nyingi inazunguka mara 7,200 kwa dakika. Mzunguko mmoja ni kama milisekunde 8.3, hivyo kwa wastani kichwa cha kusomea kinasubiri nusu yake, milisekunde 4.2, mpaka data ifike chini yake. Jumlisha muda wa kichwa kusogea, tuseme milisekunde 9. Ni 13 hivi kwa kila kipande. Faili la vipande kumi hulisikii. Likiwa na vipande 10,000, ukatafuta jina kwa namna inayolazimu Access kupitia faili zima, ni zaidi ya dakika mbili za kichwa kuhangaika tu, bado hujahesabu kusoma kwenyewe.

Kuhusu umeme. Contig haina njia zake za kienyeji. Inaiomba Windows ihamishe vipande kwa utaratibu uliowekwa tangu Windows NT 4.0. Data inanakiliwa kwanza mahali papya, ndipo rejista ya NTFS (mfumo wa Windows wa kupanga mafaili kwenye diski) inabadilishwa kuonyesha pale papya, na badiliko lenyewe linapita kwenye jarida la NTFS. Umeme ukikatika, kipande kitakuwa ama pa zamani ama papya. Kinachoua mafaili ya Access mara nyingi ni umeme kukatika faili likiwa limefunguliwa na linaandikwa, yaani pale pale unapomhudumia mtu dirishani. Hiyo ndiyo ya kuiogopa.

Hata hivyo nakili faili kwenye flashi kwanza. Sibishani na mtu ambaye hana bakapu.

Kisha angalia afya ya diski. Fungua CMD kwa haki za msimamizi: andika cmd kwenye menyu ya Start, bofya kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Run as administrator". Andika:

wmic diskdrive get model,status

Ikisema OK, endelea. Ikisema "Pred Fail", acha kila kitu, nakili data, tafuta diski nyingine. Kusogeza vipande kwenye diski inayokufa ni kuiharakishia. Na hiyo OK usiiamini moja kwa moja. Kama mkwaruzo umegeuka kuwa mlio wa tik, tik, tik wa kujirudia huku mashine imeganda, ihesabu hiyo diski ni mgonjwa hata kama wmic inaisifia.

Ukishapakua, fungulia zip kwenye folda fupi isiyo na nafasi kwenye jina, mathalani C:\zana. Funga Access kabisa. Halafu:

cd /d C:\zana
contig -accepteula -a D:\CHAMA\wakulima.accdb

Hiyo -a ni ya kupima tu, haisogezi kitu. -accepteula ni ya kukubali masharti, unaiandika mara ya kwanza basi. Utapewa idadi ya vipande. Pima pia nafasi iliyo wazi:

contig -f D:

Hapa tunataka kujua kama kuna eneo moja kubwa lililo wazi linaloweza kulipokea faili zima. Unaweza kuwa na GB 30 wazi, lakini zote vijinafasi vidogo vidogo, basi Contig haitakuwa na pa kuliweka.

Usiendelee mbele ya hapo. Lete majibu tuyaone.

---

MtuWaMingoyo (Lindi)

Naingilia kidogo. Mimi nakata video za harusi na ngoma hapa Lindi, nilihamia Linux zamani. Huku kwetu kwenye ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, tunapima hivi:

filefrag harusi.mp4
sudo e4defrag -c harusi.mp4

Ya pili ukiondoa -c ndiyo inaunganisha. Sasa fundi, nina diski ya nje ya NTFS ninayoitumia na mteja wa Windows, ina faili la video la GB 9, naambiwa lina vipande 37. Niliguse?

---

FundiLigula

Mingoyo, liache. Vipande 37 mara milisekunde 13 haifiki hata nusu sekunde kwenye video ya masaa. Difragi ya Windows yenyewe ikitoa ripoti inaandika wazi kwamba vipande vinavyozidi MB 64 haivihesabu, maana ukishasoma MB 64 mfululizo, kuruka mara moja hakuna uzito. Vyako kwa wastani vinafika MB 240 na zaidi. Video ikikwamakwama, angalia waya wa USB kwanza.

---

KaraniWaMizani

Fundi, nakushukuru sana. Nimefanya asubuhi kabla watu hawajaja.

Diski imesema OK. Mlio wa tik tik hakuna, ni ule mkwaruzo tu. Bakapu ipo kwenye flashi, nyingine nimempa katibu.

Contig -a imenitolea vipande 14,212. Nimezidisha kwa 13 yako nikapata dakika tatu na kitu, na kweli ripoti ya kijiji kizima ndivyo inavyochukua, wakati mwingine zaidi. Nafasi wazi D ni GB 31, na lipo eneo moja la zaidi ya GB 20.

Kabla sijaendelea, kuna kitu nimekiona. Kwenye folda ya CHAMA, aikoni ya faili ina vishale viwili vidogo vya buluu pembeni juu, vimeelekeana. Mafaili ya folda nyingine hayana. Na nikifungua Properties, ukubwa ni GB 1.1 lakini "Size on disk" ni MB 700 na ushee. Hii ni nini? Karani aliyenitangulia aliwahi kulalamika diski imejaa, sijui kama alifanya jambo.

---

FundiLigula

Hapo ndipo kilipo kidonda. Umefanya vizuri kusimama.

Vishale hivyo maana yake folda imebanwa na NTFS ili kuokoa nafasi. Huyo aliyekutangulia alitia tiki kwenye "Compress contents", akapata nafasi, akaondoka akiwa na amani.

Kwa nyaraka zinazosomwa tu, kubana hakuna ubaya. Kwa faili la Access linaloandikwa siku nzima, ni balaa. NTFS inabana faili kwa mafungu ya klasta 16, klasta ikiwa ndiyo kipimo kidogo kabisa cha nafasi ya diski. Klasta ikiwa KB 4, fungu moja ni KB 64. Wewe ukiongeza kilo za mkulima, herufi chache tu, fungu zima linabanwa upya. Likiwa kubwa kuliko mwanzo halienei pale lilipokuwa, linatafutiwa mahali pengine. Rudia hivyo kwa kila mstari wa kila mkulima, kila siku ya mizani, ndiyo unapata hivyo vipande 14,212. Ungeendesha Contig leo ungefurahi, na mnada wa pili baada ya hapo ungekuwa umerudi ulikotoka, ukaja hapa kusema Contig haifanyi kazi.

Kwa hiyo mpangilio ni huu, na usiuvuruge. Access iwe imefungwa.

Kwanza folda, ili mafaili mapya yatakayozaliwa humo yasibanwe:

compact /u D:\CHAMA

Pili faili lenyewe:

compact /u D:\CHAMA\wakulima.accdb

Hii itachukua muda kidogo, usiikatishe. Ikiisha, "Size on disk" itapanda ilingane na GB 1.1. Usishtuke, nafasi unayo.

Tatu, fungua faili ndani ya Access, nenda File, bofya "Compact & Repair Database". Jina linafanana na amri ya juu lakini ni kitu kingine kabisa. Hii ya Access inaandika faili jipya, inaacha nje nafasi za rekodi zilizofutwa, kisha inalibadilisha na la zamani. Ndiyo maana folda imetangulia: ungelianza na hili, faili jipya lingezaliwa ndani ya folda iliyobanwa na lingebanwa nalo.

Nne, funga Access, pima tena kwa contig -a. Ikibaki na vipande vingi:

contig -v D:\CHAMA\wakulima.accdb

-v inakuonyesha kinachoendelea. Utaona hesabu ya kabla na baada.

Fanya jioni, baada ya mizani kufungwa, siku ambayo hewa imetulia.

---

MwanaShangani

Fundi, kwa hiyo SSD ingeficha tu tatizo?

---

FundiLigula

Ingelificha vizuri sana, nakiri. SSD haina kichwa cha kusogea, vipande 14,212 ingevisoma bila karani kusikia. Lakini kubana na kubanua kungeendelea, prosesa ingekuwa na kazi isiyo na maana, na SSD ingeandikwa zaidi ya inavyostahili. Wakati fulani Windows inaweza hata kukataa kuandika kwenye faili lililobanwa likatawanyika kupita kiasi, kwa sababu orodha ya vipande nayo ina mwisho wake.

Na kwa anayesoma hapa mwenye SSD tayari: Contig haikuhusu. Angalia tu kama TRIM (Windows kuiarifu SSD sehemu zilizofutwa) inafanya kazi:

fsutil behavior query DisableDeleteNotify

Jibu likiwa 0, ipo. Basi, acha diski yako ipumzike.

---

KaraniWaMizani

Nimerudi. Jana jioni nilibaki ofisini na mlinzi, tukamaliza.

Amri ya pili ya compact iliisha salama. Ukubwa kwenye diski ulipanda kama ulivyosema, vishale vya buluu vikatoweka. Compact & Repair ya Access ikalishusha faili kutoka GB 1.1 hadi MB 640. Nilishtuka, nikadhani rekodi zimepotea, nikahesabu wakulima wa kijiji kimoja nikalinganisha na daftari la karatasi, wote wapo. Kumbe ni rekodi za misimu ya nyuma tulizofuta ndizo zilikuwa zimeacha mapengo.

Contig -a baada ya hapo ilisema vipande 212. Nikaendesha -v, haikuchukua hata nusu dakika, ikasema kabla 212, baada 1.

Leo asubuhi mzee mmoja amekuja na karatasi yake kudai kilo zake hazijaingia. Nimeandika jina, limetokea kabla hajamaliza kunieleza. Kilo zilikuwa zimeingia, ila kwa jina la mwanawe waliyemtuma na gunia. Amecheka, ameondoka. Mkwaruzo upo kwa mbali, siyo ule.

Maswali mawili ya mwisho. Nirudie mara ngapi? Na picha za vitambulisho, kila mkulima ana picha mbele na nyuma, tunaendelea kuziingiza kwenye Access?

---

FundiLigula

Hongera. Na kuhesabu kwa kulinganisha na karatasi ndiyo kazi ya karani, usiiache.

La kurudia: usirudie kwa kalenda, rudia kwa kupima. Fungua Notepad, andika:

C:\zana\contig.exe -a D:\CHAMA\wakulima.accdb
pause

Hifadhi kwenye desktop kwa jina pima.bat. Asubuhi ya siku ya mnada, kabla hujafungua Access, bofya kitufe cha kulia cha mausi juu yake, chagua "Run as administrator", soma namba. Ikiwa makumi au mia mbili tatu, fanya kazi zako. Ikipanda maelfu, jioni yake endesha contig bila -a. Sasa folda haijabanwa, kwa hiyo haitapanda kwa kasi ile. Difragi ya Windows iliyopangwa kila wiki nayo iache, haina ubaya, ila huwa inangoja usiku au mashine itulie, na yako usiku imezimwa ukutani.

La picha: zitoe. Faili la Access mwisho wake ni GB 2, likifika hapo linagoma, hakuna cha difragi wala SSD. Picha zikae kwenye folda yake, D:\CHAMA\picha, kila moja kwa namba ya mkulima, na ndani ya Access uandike njia ya kuifikia tu. Usianze leo msimu unaendelea. Korosho zikiisha, kabla ya salfa, utakuwa na nafasi.

Halafu hiyo UPS yenu usiitupe, wala usikubali kuuziwa nyingine nzima. Ifungue uone betri. Nyingi za ofisi ndogo zinatumia betri ya volti 12, ampea-saa 7, ileile inayowekwa kwenye king'ora cha wizi. Soma maandishi juu yake, piga picha, tafuta inayofanana. Kabla ya kuifungua, ichomoe ukutani.